Kwa nini mstari wa kipimo cha malaria ni mwekundu?



Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho umekiona mara nyingi zahanati. Ni kile kipande cha plastiki cheupe, kirefu kama kidole, ambacho mganga hutumia kupima malaria. Hukitonesha tone la damu yako, huongeza matone ya dawa ya maji, kisha hukwambia: "Subiri." Baada ya muda hutokea mstari mwekundu. Wakati mwingine hutokea mistari miwili.

Kipimo hiki huitwa kipimo cha haraka cha malaria. Wengi hukiita MRDT.

Siku moja mama mmoja hapa Kalenga aliniuliza swali. Alikuwa amempakata mtoto wake mwenye homa. Alitazama kipimo mezani, akasema: "Mwanangu mganga, huo mstari mwekundu ni damu ya mtoto wangu?"

Nilimjibu: "Hapana mama. Damu imekwisha kupita. Huo mstari ni dhahabu."

Mama alicheka sana. Alidhani namtania. Akasema dhahabu anaijua, ni ya njano. Tena akasema kama ingekuwa dhahabu, waganga wasingeitupa kwenye ndoo ya taka.

Lakini sikumtania. Ni dhahabu kweli. Ni madini yale yale yanayochimbwa Geita, na kule Chunya katika Mkoa wa Mbeya. Basi kwa nini ni nyekundu? Na sisi tunaougua tunapata faida gani kwa kujua jambo hili? Soma polepole. Ukifika mwisho utajua, na utaweza kumweleza jirani yako.

KIPIMO KINAFANYAJE KAZI?

Kwanza tukumbuke malaria inavyoingia mwilini. Mbu jike aina ya Anofelesi akiwa na vimelea vya malaria, humwuma mtu na kumwachia vimelea hivyo. Vimelea huingia kwanza kwenye ini, halafu kwenye damu. Humo huzaliana, huharibu chembe nyekundu za damu, na mtu hupata homa.

Vimelea hao wakiwa kwenye damu huacha alama yao. Alama hiyo ni aina ya protini. Ni kama mwizi anayeingia bandani usiku. Humwoni mwizi mwenyewe, lakini asubuhi unaona nyayo zake. Kipimo cha haraka hakitafuti kimelea mwenyewe. Kinatafuta nyayo zake.

Anayezitafuta nyayo hizo ni askari. Mwili wa mtu na wa mnyama hutengeneza askari wa kupambana na magonjwa. Askari hao huitwa kingamwili. Kila askari humtambua adui mmoja tu. Wataalamu wametengeneza kingamwili zinazoitambua ile protini ya malaria, wakaziweka ndani ya kipimo.

Ndani ya kile kiplastiki kuna utepe mwembamba kama wa karatasi. Damu na dawa ya maji hutambaa juu ya utepe huo, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Mwanzoni mwa safari kuna askari waliobeba chembe ndogo sana za dhahabu mgongoni. Damu ikifika, askari hawa huchukuliwa na maji. Kama kuna protini ya malaria, huikamata na kwenda nayo.

Mbele kidogo, penye herufi T, kuna askari wengine waliopangwa mstari mmoja. Hawa hawatembei. Kazi yao ni kuikamata ile protini inapopita. Wakiikamata, yule askari aliyebeba dhahabu naye hunaswa hapo hapo. Hunaswa mmoja, wawili, elfu, mamilioni. Dhahabu hujaa mahali pamoja. Ndipo jicho lako linapoona mstari.

Kama damu haina malaria, hakuna kitu cha kuwaunganisha. Askari wenye dhahabu hupita T bila kusimama. Penye T panabaki peupe.

Mbele zaidi kuna herufi C. Hapo wamo askari wanaomkamata yeyote aliyebeba dhahabu, awe na malaria au asiwe nayo. Kwa hiyo mstari wa C lazima utokee kila mara. Mstari huo hutuambia kwamba maji yametembea vizuri na kipimo ni kizima. C isipotokea, kipimo kimeharibika. Hata kama T imetokea, lazima kutumia kipimo kingine.

CHEMBE HIZO ZINA UKUBWA GANI?

Chukua rula ya mtoto wa shule. Tazama milimita moja. Ni nafasi ndogo, kama unene wa shilingi. Sasa igawanye nafasi hiyo mara milioni moja. Kila kipande kinaitwa nanomita.

Chembe ya dhahabu katika vipimo vingi ina upana wa nanomita kama 40 hivi. Ukizipanga kwa mstari, zinahitajika chembe 25,000 kujaza milimita moja. Hata kwa darubini ya kawaida ya maabara huwezi kuona umbo la chembe hiyo.

Kwa hiyo usijaribu kuokota vipimo vilivyotupwa ili upate dhahabu. Iliyomo ni kidogo mno, haiwezi kununua hata kiberiti. Tena vipimo hivyo vina damu za watu. Ukivishika unaweza kupata ugonjwa. Waambie watoto wasivichezee.

KWA NINI NI NYEKUNDU?

Sasa tumefika kwenye kiini cha habari.

Mwanga wa jua tunauona mweupe, lakini ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Umeona upinde wa mvua juu ya Mto Ruaha Mdogo mvua inapokatika. Hapo mwanga mweupe umetawanywa, na rangi zake zimeonekana: nyekundu, njano, kijani, bluu na nyinginezo.

Mwanga husafiri kwa mawimbi. Kila rangi ina mwendo wake wa mawimbi. Wimbi la mwanga mwekundu ni refu na hutikisika polepole kidogo. Wimbi la bluu ni fupi na hutikisika upesi zaidi. Kijani kiko katikati. Tukisema polepole hapa, usifikiri ni polepole ya ng'ombe. Mwanga wa kijani hutikisika zaidi ya mara trilioni 500 kwa sekunde moja.

Turudi kwenye dhahabu. Dhahabu ni metali. Katika kila metali kuna vitu vidogo sana viitwavyo elektroni. Nyingine hazikufungwa mahali pamoja, huzunguka huru ndani ya metali. Ndizo zinazopitisha umeme kwenye waya. Unaweza kuzifikiria kama maji ndani ya chombo.

Mama zangu, ninyi mtalielewa jambo hili kuliko wengine. Umechota maji mtoni, umejitwika ndoo kichwani. Unapotembea, maji ndani ya ndoo huyumba huku na huku. Maji hayo yana mwendo wake wenyewe wa kuyumba. Ukienda polepole sana, hayamwagiki. Lakini ukitembea kwa mwendo unaolingana na mwendo wa maji, kila hatua huyasukuma zaidi. Yanapanda upande huu, yanapanda upande ule, mwishowe yanakumwagikia usoni. Ndiyo maana wengi huweka majani juu ya maji, ili yatulie.

Mtoto kwenye bembea ni vile vile. Ukimsukuma ovyo, bembea haiendi juu. Ukimsukuma kwa kufuata mwendo wa bembea, hata msukumo mdogo humpandisha juu sana.

Chembe ya dhahabu ni ndoo. Elektroni ni maji. Mwanga ndio hatua zako.

Wimbi la mwanga wa kijani lina urefu wa nanomita kama 520. Chembe yetu ina nanomita 40 tu. Wimbi ni kubwa kuliko chembe mara 13. Linaifunika chembe nzima, kama wimbi la Ziwa Nyasa kule Matema linavyoubeba mtumbwi. Elektroni zote za chembe husukumwa pamoja upande mmoja, kisha pamoja upande wa pili. Zinayumba.

Mwanga mwekundu ukiipiga chembe hiyo, mwendo wake haulingani na mwendo wa elektroni. Elektroni hutikisika kidogo tu, na mwanga mwekundu hupita salama. Lakini mwanga wa kijani una mwendo unaolingana hasa. Elektroni huyumba kwa nguvu nyingi, na nguvu hizo zimetoka kwenye mwanga wenyewe. Mwanga wa kijani humezwa na kugeuka joto dogo ndani ya chembe. Mwanga wa bluu nao humezwa kwa sehemu.

Basi mwanga mweupe umeingia na rangi zote. Kijani kimenaswa. Bluu imepungua. Kilichobaki na kufika kwenye jicho lako ni wekundu. Ndiyo maana mstari ni mwekundu.

Kuyumba huko kwa elektroni kwenye uso wa metali wataalamu wamekupa jina. Wanakuita plasmoni. Ni neno geni, lakini maana yake umeshaijua: ni maji yanayoyumba ndani ya ndoo.

Na pete ya dhahabu? Pete ni kubwa. Elektroni zake ni kama ziwa, si ndoo. Ziwa haliyumbi lote kwa hatua za mtu mmoja. Kwa hiyo mwanga wa kijani haunaswi kwa njia ile. Pete hurudisha vizuri mwanga mwekundu na wa njano, humeza wa bluu, nasi tunaiona ya njano. Dhahabu ni ile ile. Kilichobadilika ni ukubwa wa chembe.

Kuna jambo moja zaidi. Chembe hizo zikigandamana, rangi hubadilika. Mwendo wa elektroni za chembe moja huingiliana na wa chembe jirani. Wekundu huwa zambarau, au hata bluu. Chumvi nyingi kwenye maji inaweza kuzigandisha. Hii ni sababu mojawapo ya kutobadilisha ile dawa ya maji inayokuja na kipimo. Imetengenezwa kwa kipimo hicho tu. Maji ya bomba au maji ya dripu hayafai, yanaweza kuleta jibu la uongo.

WATU WALIIJUAJE SIRI HII?

Watu waliitumia siri hii kabla hawajaielewa. Katika jumba la makumbusho la London, Uingereza, kipo kikombe cha kioo cha Warumi. Kina umri wa miaka 1,600 hivi. Kinaitwa kikombe cha Lycurgus. Ukikimulika kwa mbele, ni cha kijani. Ukiweka taa ndani yake, kinawaka chekundu. Ndani ya kioo chake mna chembe ndogo sana za fedha na dhahabu. Mafundi wa wakati ule hawakujua elektroni ni nini, lakini mikono yao iliweza.

Hapa Kalenga nasi tunajua thamani ya kutunza vitu vya kale. Katika makumbusho yetu limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kitu cha kale kikitunzwa, kinaweza kuwafundisha watu wa baadaye. Kikombe kile nacho kiliwafundisha wataalamu wa leo.

Mwaka 1857 Mwingereza Michael Faraday alitengeneza maji mekundu yenye dhahabu. Faraday alizaliwa katika familia maskini, baba yake alikuwa mhunzi. Hakusoma shule nyingi. Alifanya kazi kwa mtu wa kujalidi vitabu, akawa anavisoma vitabu alivyokuwa akivishona. Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, mtazame mtu huyo. Faraday alisema wekundu wa maji yale watoka kwenye chembe za dhahabu ndogo kupita kiasi. Chupa zake za maji hayo zimehifadhiwa London hadi leo.

Mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie alipiga hesabu za jinsi mwanga unavyomezwa na kutawanywa na chembe hizo. Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake huko Marekani walieleza njia nyepesi ya kuzitengeneza: kuchemsha maji yenye chumvi ya dhahabu pamoja na chumvi itokanayo na asidi ile ya limau. Mwaka 1971 wataalamu wawili, Faulk na Taylor, walionyesha kwamba kingamwili zinaweza kubandikwa kwenye chembe za dhahabu. Kutoka hapo njia ya kufikia kipimo chetu ilifunguka.

Dhahabu ilipendwa kwa sababu tatu. Haishiki kutu. Hubeba kingamwili vizuri. Na rangi yake ni kali, hata chembe chache huonekana kwa macho matupu. Kwa hiyo kipimo hakihitaji umeme, wala darubini, wala maabara. Kinafaa kijijini.

KOSA NILILOFANYA

Sasa nikueleze kwa nini napenda habari hii ijulikane.

Nilipoanza kazi, katika zahanati moja, alikuja kijana mwenye homa. Alikuwa ametoka Pawaga kuvuna mpunga. Siku ile foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa peke yangu. Nilimpima. Baada ya dakika kama 5 nilitazama, nikaona mstari wa C tu. Nikamwambia: "Huna malaria." Nikampa vidonge vya kutuliza homa, akaondoka kwa miguu.

Baadaye nilipokuwa nikisafisha meza, nilikiona kipimo chake. Penye T palikuwa na mstari mwembamba, umefifia.

Nilishtuka. Lakini sikuweza kuuamini mstari ule. Muda wa kusoma ulikuwa umekwisha kupita, na kipimo kikikaa sana kinaweza kuonyesha mstari wa uongo. Sikujua kama ana malaria au hana. Nilijua jambo moja tu: sikusubiri.

Niliazima baiskeli, nikamfuata. Nilimkuta amelala kwa dada yake, anatetemeka chini ya blanketi mbili. Nilimwomba radhi mbele ya dada yake. Wazee wangu, si jambo jepesi kwa mganga kijana kusema, "Nimekosea." Lakini kuficha kosa kungeweza kumwua. Nilirudi naye, nikampima upya, nikasubiri na saa mkononi. Mstari wa T ulitokea. Ulikuwa hafifu, lakini ulikuwepo. Nilimpa dawa mseto, akapona.

Kumbuka zile chembe za dhahabu. Zinatembea juu ya utepe polepole. Vimelea wakiwa wachache, chembe zinazonaswa ni chache, na mstari huchelewa kuonekana. Ukisoma mapema, dhahabu haijafika au haijatosha. Ukisoma kwa kuchelewa mno, unaweza kudanganyika. Kipimo kina saa yake. Kwa vipimo vingi ni dakika 15 hadi 20. Mganga afuate maelezo ya kipimo anachotumia.

Basi mganga wako akikwambia subiri, usikasirike. Na mganga akiwa na haraka, mkumbushe kwa heshima: "Mganga, dakika zimetimia?" Una haki ya kuuliza.

MSTARI HAFIFU NI MSTARI

Watu wengi husema: "Mstari wangu ni hafifu, kwa hiyo malaria yangu ni kidogo, nitakunywa nusu ya dawa." Hapana. Mstari wa T ukionekana ndani ya muda wake, hata kama umefifia, jibu ni moja: kuna malaria. Dhahabu imenaswa hapo kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuinasa.

Dawa mseto hunywewa kwa siku 3, asubuhi na jioni, jumla mara 6. Mara ya pili hunywewa saa 8 baada ya mara ya kwanza. Idadi ya vidonge hutegemea uzito wa mgonjwa. Kunywa pamoja na chakula, hasa chenye mafuta kidogo au maziwa. Maliza dawa zote hata kama umepata nafuu siku ya pili. Usimwekee jirani.

Tena usirudi baada ya wiki moja kutaka kipimo hiki kithibitishe kuwa umepona. Ile protini inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mwizi ameondoka, nyayo bado zipo. Kama homa imerudi, rudi zahanati. Huenda ukatakiwa kupimwa kwa darubini, ambayo humwona kimelea mwenyewe.

HOMA SI MALARIA TU

Sisi tunakaa nyanda za juu. Kwetu kuna baridi, na malaria ni chache kuliko mabondeni. Lakini watu wetu husafiri. Wanakwenda Pawaga na Idodi kulima mpunga, wanakwenda Kilombero kwenye miwa. Huko mbu ni wengi. Ukirudi na homa, mwambie mganga ulikotoka.

Zamani kila homa iliitwa malaria, na kila mwenye homa alipewa dawa za malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza. Nchini kwetu vipimo vya haraka vilisambazwa katika zahanati katika miaka hiyo hiyo. Kazi ya kupambana na malaria inaendelea. Watoto wa chini ya miaka 5 walipopimwa nchini mwaka 2015 na 2016, karibu 14 katika kila 100 walikuwa na malaria. Mwaka 2017 walikuwa karibu 7 katika kila 100.

Kwa hiyo kipimo kikionyesha huna malaria, usiseme, "Kipimo hakina akili, nipe dawa tu." Huenda una kichomi, au homa ya matumbo, au ugonjwa wa njia ya mkojo. Dawa ya malaria haiponyi magonjwa hayo. Wakati unakunywa dawa isiyo yako, ugonjwa wako unakua. Mtoto mwenye kichomi anaweza kufa ndani ya siku chache huku wazazi wakimpa dawa ya malaria.

Ni kweli kipimo nacho kinaweza kukosa. Vimelea wakiwa wachache sana hakiwaoni. Zipo pia nchi ambako wameonekana vimelea wasiotoa ile protini. Kwa hiyo homa ikiendelea, usikae nyumbani. Rudi upimwe tena.

Mpeleke mgonjwa mara moja, bila kungoja asubuhi, ukiona mojawapo ya dalili hizi:

1. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa.
2. Anatapika kila kitu anachopewa.
3. Amepata degedege.
4. Amelegea sana, au hazinduki.
5. Anapumua kwa haraka au kwa shida.

Degedege si pepo. Ni dalili ya ugonjwa mkali. Usipoteze saa kwa kumchanja au kumfukiza moshi.

MAMBO YA KUFANYA

1. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila siku, hata ukiwa kibandani shambani.
2. Ukipata homa, nenda ukapimwe ndani ya saa 24.
3. Usinunue dawa ya malaria dukani kabla ya kupimwa.
4. Tazama kipimo kikifunguliwa mbele yako. Kila mtu apimwe kwa kipimo kipya na kisindano kipya.
5. Hakikisha mstari wa C umetokea.
6. Subiri muda wote uliowekwa.
7. Halmashauri za vijiji zisaidie kutazama kwamba stoo ya zahanati si ya joto kali. Joto haliharibu dhahabu, lakini huharibu wale askari walioibeba. Askari wakifa, dhahabu haina wa kuiongoza.

Yule mama wa Kalenga sasa hucheka kila tunapokutana njiani. Huniuliza: "Mganga, dhahabu yangu umeiuza bei gani?" Nami humjibu kwamba nimeibadilisha na mtoto mzima. Mtoto wake alikuwa na mistari miwili siku ile. Leo anakimbia na wenzake, na anamsaidia mama yake kubeba maji.

Pima kwanza, ndipo utibu. Mtu ni afya.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini dhahabu ya pete ni ya njano lakini dhahabu ya kipimo ni nyekundu?
2. Kuyumba kwa maji katika ndoo kunafanana vipi na kuyumba kwa elektroni?
3. Mstari wa C una kazi gani?
4. Jirani yako ana mstari hafifu wa T na anataka kunywa nusu ya dawa. Utamwambia nini?
5. Kijijini kwenu watu wangapi hununua dawa ya malaria bila kupimwa? Mtafanya nini pamoja?